Pawa stelingi kwenye ATV ya shamba: ina faida kweli au ni kuongeza gharama tu?

Parachichi_Njombe

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu maana huku mtaani kila ninayemuuliza ana lake.

Natafuta ATV, hizi pikipiki za matairi manne ambazo wengine mnaita kwadi, kwa ajili ya shamba la parachichi huku Njombe. Shamba liko mlimani, miche imepandwa kwa kontua, yaani mistari inayozunguka mlima kwa usawa mmoja, udongo ni ule mwekundu ambao mvua ikishika mwezi wa kwanza hadi wa nne unateleza hata ukitembea kwa miguu. Kazi zake ni kubeba tanki la dawa, kupeleka mbolea juu, kukagua mabomba ya umwagiliaji na wakati wa kuvuna ivute katrela kadogo kushusha kreti hadi barabarani. Kwa sasa tunatumia guta na bodaboda, guta haifiki kule juu kabisa, na bodaboda ikibeba mzigo kwenye utelezi kijana anaenda nayo chini.

Nimepata mbili kwa muuzaji mmoja, zote Honda TRX420, zote fo wili (matairi yote manne yanavuta, si mawili tu kama two wheel), zote za mtumba na kwa macho zinafanana tu. Moja ina pawa stelingi ya umeme, yaani mota ya kusaidia kupinda usukani, nyingine haina. Tofauti ya bei ni milioni 3 na nusu. Mimi hiyo hela naiona kubwa, ni mbolea hiyo. Atakayeiendesha siku nyingi ni baba mdogo, ana miaka 58, nguvu anazo ila bega la kulia lilishawahi kuteguka.

Je hii pawa stelingi ni kitu cha maana kwenye chombo kidogo kama hiki au ni urembo? Na ikifa porini huko inakuaje, chombo kinagoma?

kwadi_kusini_unguja

Mkuu tunza hela yako. Sisi huku Kusini tunakodisha kwadi kwa wageni, tunazungusha vijijini, barabara za mawe na vichochoro vya mashambani, hakuna hata moja yenye pawa stelingi na wageni wanaendesha, mabinti wadogo tu wa kizungu ambao hawajawahi kushika pikipiki maishani wanaendesha vizuri. Umeme ukizidi kwenye chombo ndo matatizo yanazidi, huku kwetu chumvi inakula kila waya. Kitu chepesi, kisicho na mambo mengi, fundi yeyote anakifungua.

LaikipiaRider

Boss hapo siwezi kubaliana na huyo wa Unguja, na si kwa ubaya, lakini hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Kwadi ya mtalii ni two wheel, ni nyepesi, inatembea lisaa limoja kwa njia moja ile ile na haijabeba kitu. Huyu anaongea kuhusu fo wili, tanki la dawa, trela na mlima siku nzima.

Mimi niko kwa ranchi huku Laikipia, kazi ni kuzunguka fensi na kuangalia mifugo na tenki za maji. Tuko na za aina zote mbili. Hiyo isiyo na pawa ukishinda nayo kwa ile mawe ya lava, jioni mikono inatetemeka hadi kushika kikombe cha chai ni kazi. Na shida si ule uzito wa kukata kona, watu wengi wanadhani ni hapo tu. Shida ni jiwe. Tairi ya mbele ikigonga jiwe au mzizi kwa pembeni, usukani unachapwa kwa nguvu upande mmoja, na kwa ATV kidole gumba ndicho kinashikilia mafuta, kwa hivyo kidole, kifundo cha mkono, hadi bega vinapigwa pamoja. Mwenzetu mmoja alikaa na bandeji ya kidole gumba muda mrefu kwa sababu ya shimo la ngiri tu. Ile yenye pawa, mota inameza ile chapa, unasikia tu kama imesukuma kidogo unaendelea na safari.

Kwa mzee wa miaka 58 mwenye bega bovu hata singeuliza swali. Nunua yenye pawa.

Parachichi_Njombe

Asanteni wote. Hili la usukani kuchapwa na jiwe sikuwa nalijua kabisa, nilidhani pawa stelingi ni kwa ajili ya kupinda tu. Huku mawe si mengi sana ila kuna visiki vya miti ya mbao tuliyokata kabla ya kupanda, vimejificha kwenye nyasi.

Ila bado nataka kujua inavyofanya kazi na inavyoharibika. Fundi yuko humu?

Fundi_Matairi_Manne

Nipo mkuu, niko Arusha, nafanya pikipiki na hizi ATV za mashamba ya maua na za kambi za utalii. Ngoja nieleze kwa utulivu maana kuna mambo yanachanganywa.

Kwanza pawa stelingi ya ATV si ya mafuta kama ya lori, hakuna pampu wala mpira wa mafuta wa kuvuja. Ni mota ya umeme iliyofungwa kwenye mti wa stelingi, chini ya usukani. Pale kwenye mti kuna sensa inayosikia umetia nguvu kiasi gani na upande gani, inapeleka habari kwenye kompyuta yake, kompyuta inaangalia pia spidi, halafu inaiamuru mota isaidie. Ukiwa taratibu inasaidia sana, ukikimbia inapunguza msaada ili usukani usiwe mwepesi mno ukakuyumbisha. Na kile alichosema mdau wa Laikipia ni kweli tupu, ile mota inafanya kazi ya shokapu kwa usukani. Wanaoendesha kila siku wanaipenda zaidi kwa hilo kuliko kwa wepesi wa kona.

Yamaha ndio waliotangulia, Grizzly 700 ya mwaka 2007, halafu kufika modeli za 2009 Honda, Polaris, Can-Am na Suzuki wote wakawa nayo. Kwa hiyo si kitu kipya cha kuogopa, imeshakaa matopeni miaka mingi na kwa ujumla ni ngumu, kwenye ATV ninazopokea mara nyingi kinachoharibika ni vitu vya pembeni yake.

Swali lako la ikifa: chombo hakigomi. Usukani umeunganishwa na matairi kwa chuma kama kawaida, mota ni msaidizi tu. Ikizima, taa yake kwenye dashibodi inawaka na usukani unakuwa mzito, mzito kuliko hata ile ambayo haikuzaliwa nayo maana sasa unaizungusha na ile mota iliyolala. Utarudi nyumbani, ila utatoka jasho.

Sasa inazima kwa nini. Betri. Hapo ndo wateja wangu wengi wanapokwamia. Ile mota inakula umeme mwingi kwa mkupuo unapokata kona umesimama, na betri ikiwa imechoka volti zinashuka, kompyuta inaona bora nijizimie. Mtu analetewa bei ya mota nzima kumbe ni betri, au tamino ya betri imeshika kutu, au waya wa ethi, ule wa hasi, umelegea kwenye chesesi. Kuna mteja aliwahi kuletewa bei ya kubadilisha mota na kompyuta kwenye duka moja, nikasugua ethi kwa msasa nikaikaza, taa ikazima mpaka leo. Anza na betri, halafu fyuzi yake, halafu soketi kama zimeingia maji, ndipo ufikirie mambo makubwa. Na msioshe kwa mashine ya presha mkielekeza pale kwenye mota na soketi zake, vijana wa kuosha magari wanaua vitu vingi bila kujua.

Halafu kuna hali nyingine inayowatisha watu. Ukiwa umesimama sehemu moja unakata kulia kushoto kulia kushoto mfululizo, labda umekwama, mota inapata joto na kompyuta inapunguza msaada kwa makusudi. Haijafa. Iache ipoe itarudi yenyewe.

Kwenye kununua mtumba sasa, hapa sikiliza vizuri kuliko yote niliyosema. Usilinganishe hizo mbili kwa kuendesha tu. Yenye pawa inaficha ubovu. Bushi ya mti wa stelingi imekauka, tairodendi (vyuma vinavyosukuma matairi yakate kona) zimekufa, boljointi (viungo vya tairi) zinacheza, wewe usukani unausikia laini kwa sababu mota inakubebea. Fanya hivi, zima injini, nyanyua mbele kwa jeki matairi yote mawili yasiguse chini, kamata usukani upeleke kushoto mpaka mwisho urudishe kulia mpaka mwisho. Iende bila kukwama mahali. Kisha shika tairi juu na chini utikise, halafu kulia na kushoto utikise. Ikicheza juu na chini angalia boljointi na beringi, ikicheza kulia na kushoto angalia tairodendi. Baada ya hapo washa swichi, taa ya pawa stelingi lazima iwake, washa injini, taa hiyo lazima izime. Ikiwa haiwaki kabisa hata ukiwasha swichi, jihadhari, kuna watu wanang'oa balbu kuficha ugonjwa.

Na hiyo isiyo na pawa ikiwa nzito sana, usiseme ndivyo zilivyo. TRX420 nzima yenye grisi na upepo sahihi si nzito kihivyo.

kwadi_kusini_unguja

Fundi umeeleza vizuri. Mimi nabaki na langu kwa biashara ya kukodisha, ila nakubali kwamba kwa mlima na mzigo kazi ni nyingine. Swali, kwa hizi zetu ambazo hazina, mtu anaweza kufunga baadaye? Nimeona mtandaoni kuna seti kamili za kufungia zinauzwa.

Fundi_Matairi_Manne

Zipo, Marekani kuna makampuni yanayotengeneza kwa ajili ya baadhi ya modeli. Lakini kwa kwadi nyepesi ya two wheel sikushauri hata kidogo. Ukinunua, ukasafirisha, ukalipa ushuru na ukamlipa fundi, unakuta umefika karibu na kubadilisha chombo. Na koili ya kuchaji ya pikipiki ndogo haikupigiwa hesabu ya kulisha mota kama hiyo, ukiongeza na taa za wageni za usiku betri itakuwa inakufa kila mara. Anayetaka pawa stelingi anunue chombo kilichotoka nayo kiwandani.

Bin_Sharqiya

Assalaam alaykum jamani. Mie nipo Ibra, Omani, na niongeze la huku mchangani. Vijana wa huku wanaopanda zile tuta za Bidiya wanatumia Yamaha Raptor 700, chombo cha spoti, two wheel, hakina pawa stelingi na hakuna anayeitaka. Mchanga ni laini, hauna jiwe la kuchapa usukani, na yule kijana anataka ausikie mkono wake mwenyewe tairi inavyoshika. Kwa hivyo si kila ATV inahitaji hichi kitu, mwenzetu wa Unguja kwa hapo yupo sawa.

Lakini ammi yangu ana shamba la mitende, na ana Grizzly ya kubebea samadi na makuti. Ile ukitia fo wili halafu ukafunga na difu ya mbele, ile inayogawa nguvu kwa matairi mawili, matairi mawili ya mbele yanazunguka sawasawa na hayataki kukata kona, usukani unakuwa kama umetiwa saruji. Pale ndipo unajua thamani ya pawa stelingi. Bila yake mtu mzima lazima asimame juu ya chombo autie mwili mzima.

Na jamani upepo. Huku kabla ya kuingia mchangani kila mtu anapunguza upepo, lakini tairi ikiwa laini juu ya ardhi ngumu usukani unazidi uzito. Watu wanalaumu stelingi, kumbe ni upepo.

LaikipiaRider

Hiyo ya difu umesema ukweli. Parachichi, kwa hizo TRX420 ulizotaja hakuna swichi ya kufunga difu ya mbele kama ya Grizzly, kwa hivyo hutapata ile ya kukakamaa kabisa, lakini ukiwa kwa fo wili ukipanda na matope bado unasikia mbele inavuta usukani. Na uambie mzee asitembee na fo wili kwa barabara kavu ngumu, atoe arudi two wheel, atapumzisha mikono na pia atapumzisha chombo.

Ningependa pia useme mteremko wako ni mkali kiasi gani. Pawa stelingi haizuii ATV kupinduka. Ninaona watu wakipata usukani mwepesi wanaanza kukata kona katikati ya mlima kama wako uwanjani. Ukikata kwa ubavu wa mlima na tanki limejaa nyuma, inaenda na wewe chini yake. Helmeti, na hakuna kupakia mtu.

Parachichi_Njombe

Wakuu nimerudi. Nilienda leo na baba mdogo, tukaomba jeki, muuzaji mwanzoni alinuna ila akakubali.

Ile isiyo na pawa tulipoinyanyua usukani ukawa unakwama katikati, yaani ukiupeleka kulia unafika sehemu unagoma kidogo halafu unaachia. Tairi ya kushoto inacheza ukiitikisa kulia na kushoto. Ile yenye pawa imezunguka vizuri na injini imezimwa, ina uzito wa mfululizo lakini hakuna pa kukwama. Taa imewaka kwenye swichi, imezima injini ilipowaka. Betri muuzaji anasema mpya, tarehe sijaiona juu yake.

Baba mdogo akaendesha zote mbili kwenye kiwanja cha nyuma chenye mashimo ya matofali. Ile ya kwanza alizunguka kidogo akashuka akawa anashika bega. Ile ya pawa alikaa nayo hadi muuzaji akaanza kuulizia mafuta yake.

Kwa hiyo nimeelemea kwenye yenye pawa ila nataka kumkaba ashushe kidogo. Kuhusu mteremko, mistari yenyewe iko tambarare kwa sababu ya kontua, mlima ni zile njia za kupandia katikati ya shamba, hizo ni kali ila zimenyooka, hatutakuwa tunakata kwa ubavu. Trela nimeshasikia nitaenda nayo taratibu.

Swali la mwisho, tanki la dawa ninalotaka kununua ni la lita 100, linakaa kwenye keria ya nyuma. Likijaa mbele itakuwa nyepesi, si usukani utakuwa mwepesi hata bila pawa? Na upepo niweke ngapi?

Fundi_Matairi_Manne

Hapana hapana, hilo tanki usinunue kwanza. Lita 100 za maji ni kilo 100 kabla hujapima tanki lenyewe, pampu na bomba. Keria ya nyuma ya TRX420 nyingi mwisho ni kama kilo 60, ya mbele kama 30, imeandikwa kwenye kibandiko, usome cha hiyo unayonunua. Ukipakia 100 nyuma ukaanza kupanda njia kali, tairi za mbele zinaelea, na usukani mwepesi kwa sababu tairi haishiki ardhi si wepesi wa kufurahia, hapo umeshapoteza uelekeo, na hatua inayofuata chombo kinarudi nyuma juu ya baba mdogo. Pawa stelingi hapo haina la kukusaidia hata chembe, inazungusha tairi ambayo haigusi kitu.

Chukua la lita 40 au 50 ujaze mara nyingi zaidi. Au tanki kubwa liwe kwenye trela na lipande wakati ardhi imekauka. Na liwe lenye vizuizi ndani, lisipokuwa navyo maji yanaenda upande mmoja kwenye kona na chombo kinafuata.

Upepo, ATV nyingi za aina hii zinataka PSI (kipimo cha presha) 4 hadi 6 tu, angalia kibandiko hicho hicho. Vijana wa kujaza upepo barabarani watakuwekea 25 kama pikipiki, tairi inakuwa ngumu, inaruka kila jiwe na kuupiga usukani, na ukijaza zaidi inaweza kupasuka. Geji ya gari haisomi vizuri huko chini, nunua geji ya presha ndogo inayoonyesha kuanzia 1 hadi 10. Pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi, ya mbele yote mawili yalingane, maana yakitofautiana hata kidogo usukani unavuta upande mmoja na utarudi humu kuniambia mota imeharibika.

Bin_Sharqiya

Na kwenye bei, mwambie muuzaji aiwashe asubuhi injini ikiwa baridi, taa za mbele zimewashwa, usukani ukatwe mpaka mwisho kulia na kushoto umesimama hapo hapo. Betri ikiwa si mpya kama anavyodai, taa zitafifia mbele ya macho yake. Hapo mtapatana.

Parachichi_Njombe

Hiyo nimeichukua. Kesho kutwa saa moja asubuhi niko kwake, na hapa Njombe saa hizo baridi ipo ya kutosha. Lita 50 basi, nawapigia watu wa tanki wabadilishe oda.